Mamama kwenye tuta la mboga: dalili, visababishi na marekebisho

Tuta lenye uyoga mamama na mboga likianza kwenda mrama, wengi hutazama juu: majani ya sukuma wiki yamekuwaje, kofia za uyoga zina rangi gani. Chanzo mara nyingi kiko chini ya matandazo, kwenye vitu vitatu ambavyo mmea na uyoga vinagawana: maji, naitrojeni na hewa. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa au mbolea yoyote, ingiza mkono sehemu tatu za tuta, sentimita 5 hadi 8 ndani ya mabua. Nusa, shika, tazama. Utando, yaani nyuzi za uyoga zinazoenea ndani ya mabua, ukiwa na afya ni mweupe, umeyashika mabua pamoja, na unanukia uyoga mbichi. Harufu ya uchachu ina maana maji yamezidi na hewa imekosekana. Harufu kali ya amonia, ile ya banda la kuku lililofungwa, inaonyesha naitrojeni iliyozidi. Mabua yasiyo na harufu yoyote, yanayovunjika kwa sauti, yamekauka.

Tuta tunalolizungumzia lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3, liko nje, chini ya kivuli chepesi cha migomba au neti. Mistari miwili ya sukuma wiki, spinachi au kabichi, mche kwa mche sentimita 45 hadi 60. Katikati ya mistari na kandokando pametandazwa mabua ya mahindi, majani makavu ya mgomba au mabaki ya maharage yaliyopandwa mbegu za uyoga, unene wa sentimita 10. Tuta la ukubwa huo linahitaji takriban kilo 20 za mabaki makavu. Yakishalowekwa yanafika kilo 60, na mbegu za uyoga kilo 3. Nje usishuke chini ya asilimia 5 ya uzito wa mabua yaliyolowekwa. Ndani ya mifuko unaweza kwenda na asilimia 2 au 3, lakini kwenye tuta mamama anashindana na kila kuvu wa udongoni, na anayetangulia kulishika bua ndiye anayelila.

Faida za kuchanganya ni za kweli, ila si zile zinazotangazwa sana. Mboga zinampa uyoga kivuli na unyevu wa karibu na ardhi. Uyoga unavunja mabua magumu, unaacha mboji laini juu ya mizizi, na mabua yenyewe yanazuia magugu na kuhifadhi maji. Mamama haungani na mizizi ya mboga kubadilishana chakula. Kuvu wanaofanya hivyo ni wa kundi jingine kabisa. Hao hushirikiana na mahindi, maharage na migomba, lakini sukuma wiki, kabichi, spinachi na mchicha haziwapokei. Ukiuziwa unga wa kuvu wa mizizi kwa ajili ya tuta la sukuma, fedha yako imepotea.

Utando umeenea vizuri, uyoga hautoki

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na lina visababishi vinne vinavyofanana kwa macho. Vipitie kwa mpangilio huu.

Kwanza, aina ya mbegu. Mamama ni jina la kundi, si uyoga mmoja. Pleurotus ostreatus anataka ubaridi wa nyuzi 12 hadi 20 ili achomoze. Anafaa Lushoto, Njombe, Limuru na nyanda nyingine za juu. Pleurotus pulmonarius, ambaye wauzaji wengi humwita sajor-caju, anazaa vizuri kati ya nyuzi 18 na 28. Yule wa waridi, Pleurotus djamor, anavumilia joto la pwani hadi nyuzi 30. Mtu wa Tanga au Mombasa aliyepanda ostreatus atatazama tuta jeupe lisilozaa mpaka mabua yaishe. Ukienda kununua mbegu, uliza jina la aina na joto lake la kuzalia. Muuzaji asipojua, tafuta mwingine.

Pili, uso wa mabua umekauka. Ndani kunaweza kuwa na maji ya kutosha huku sentimita 1 ya juu ni kavu, na vichomozo, yaani vichwa vidogo vya uyoga unaoanza kutoka, huanzia hapo hapo juu. Upepo wa mchana ndio mharibifu mkubwa kuliko jua lenyewe. Tandika gunia la katani au majani mabichi ya mgomba juu ya mabua, yalowanishe asubuhi na saa 9 alasiri, na yaondoe mara tu vichomozo vinapofikia ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Ukichelewa, vitagandamana na gunia.

Tatu, hewa chafu. Waliofunika tuta kwa nailoni ili kuhifadhi unyevu wameuziba utando pamoja na hewa ukaa unaoitoa. Ukiwa na hewa hiyo nyingi utando huendelea kunenepa tu, unakuwa kama ngozi nyeupe ngumu, na hauchomozi. Toa nailoni. Ngozi hiyo ikiwa imeshakuwa nene, ichane kwa uma au msumari kila baada ya sentimita 15, kisha mwagilia.

Nne, giza. Uyoga hautumii mwanga kujitengenezea chakula, lakini unauhitaji ili kujua pa kuchomozea. Chini ya majani ya maboga au magimbi yaliyofungana kabisa hakuna mwanga wa kutosha. Kipimo rahisi: ukichuchumaa hapo uweze kusoma gazeti bila shida.

Kama vinne vyote viko sawa na zimepita wiki mbili tangu utando uenee, mwagilia tuta zima kwa maji baridi mpaka yafike chini ya mabua, jioni, siku moja tu. Kushuka kwa joto na kulowana kwa ghafla huuamsha utando uanze kuzaa. Ndiyo maana matuta mengi ambayo hayajazaa hulipuka siku chache baada ya mvua ya kwanza ya masika.

Majani ya chini ya mboga yanakuwa ya njano

Angalia majani gani yameanza. Njano ya sare kwenye majani ya zamani, yale ya chini, huku mapya ya juu yakibaki kijani kilichofifia, ni upungufu wa naitrojeni. Mmea unaihamisha kutoka kwenye majani makuukuu kwenda machanga. Mmea unaonyauka mchana wakati udongo umelowa chapachapa una shida nyingine: mizizi imekosa hewa, na dawa yake ni kupunguza maji na kuinua tuta, si mbolea.

Naitrojeni imekwenda wapi? Imechukuliwa na kuvu na bakteria wanaovunja mabua. Mabua ya mahindi yana kaboni karibu mara 60 ya naitrojeni iliyomo. Vumbi la mbao ni mamia. Wadudu wasioonekana wanaoozesha wanahitaji uwiano wa 25 hadi 30, na pengo wanalijaza kwa kuivuta naitrojeni ya udongo. Mabua yakiwa juu ya udongo, wizi huo unagusa tabaka jembamba tu. Yakiwa yamefukiwa, unatokea katikati ya mizizi. Karibu kila tuta la njano tunaloona lina mabua au maranda yaliyochanganywa na udongo kwa jembe.

Marekebisho: kama mabua yamefukiwa, usijaribu kuyatoa, utakata mizizi. Lisha mmea. Toboa shimo la kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 10 kutoka shinani, weka kijiko kimoja cha chai cha CAN (mbolea ya naitrojeni), funika kwa udongo, mwagilia. Rudia baada ya wiki tatu ikibidi. Usinyunyize urea wala CAN juu ya mabua yenyewe. Urea hugeuka amonia, utando hufa mahali ilipoangukia, na nafasi hiyo inachukuliwa na uyoga mwembamba wa kijivu ambao kofia yake huyeyuka na kuwa wino mweusi ndani ya siku moja. Ukiuona huo, tayari una jibu kuhusu mbolea yako. Samadi nayo iwe imeiva kabisa na iingie udongoni wiki mbili kabla ya mabua kutandazwa.

Kwa msimu unaofuata, changanya mabaki ya maharage theluthi moja na mabua theluthi mbili. Maharage yana naitrojeni zaidi, mamama anayapenda, na mboga hazipati njaa kali. Maranda matupu yaache kwa njia za kupita.

Nyuzi nyeupe kwenye shina la mmea

Hapa watu hung'oa mboga nzima bila sababu. Utando wa mamama hutambaa juu ya udongo na kuzunguka shina, lakini haushambulii shina bichi la sukuma au spinachi. Paka kidole: ukitoka kirahisi na ngozi ya shina chini yake ni ngumu na kijani, uache.

Hatari ya kweli ni Sclerotium rolfsii, kuvu wa udongoni anayeozesha shina la nyanya, maharage, karanga na mazao mengine mengi kwenye maeneo ya joto. Naye ni mweupe, anasambaa kwa umbo la pepeo la mkono usawa wa udongo. Tofauti yake ni vipira vidogo vya mviringo, vyeupe kisha kahawia, ukubwa wa mbegu ya haradali, na shina lililolainika na kuwa kahawia. Mmea hunyauka wote kwa mkupuo. Ukiona vipira hivyo, ng'oa mmea pamoja na udongo wa kiganja kimoja kuzunguka mizizi, choma mbali na shamba, ondoa matandazo nusu mita pande zote, na usipande tena jamii ya maharage au nyanya hapo misimu kadhaa. Unyevu wa matandazo humfaa huyu sawasawa na unavyomfaa mamama, ndiyo sababu tunasisitiza kuacha duara tupu la sentimita 5 hadi 8 kuzunguka kila shina.

Duara hilo hilo linaokoa miche. Pandikiza miche yenye majani manne au matano. Mbegu za mchicha zilizomwagwa chini ya sentimita 10 za mabua hazitoki, na zile chache zinazotoka huoza shingoni.

Vumbi jeupe juu ya majani ya mboga

Likiwa limetua juu ya majani yaliyo karibu na kishada cha uyoga tu, na likifutika kwa kitambaa bila kuacha doa, ni mbegu-vumbi za uyoga uliokomaa kupita kiasi. Halidhuru mmea. Ubwiri unga, ambao ni ugonjwa wa majani, huanza kama madoa, huonekana pande zote mbili za jani, na hurudi baada ya kufutwa. Vumbi la uyoga linakuambia umechelewa kuvuna: chuma kishada wakati ukingo wa kofia bado umejikunja kidogo kuelekea chini. Kwa anayevuna kwenye banda lililofungwa, avae barakoa, kwa sababu kulivuta vumbi hilo siku baada ya siku huleta kikohozi na mzio wa mapafu.

Shina refu, kofia ndogo; kofia zilizopasuka; madoa ya njano yanayoteleza

Shina refu lenye kofia kama kitufe: hewa ukaa imetuama au mwanga hautoshi. Kata majani ya chini ya mboga na ya maboga yanayogusa ardhi, acha upepo upite sentimita 20 za chini. Kofia zilizopasuka kingoni: upepo mkavu, panda mstari wa mahindi au matete upande unakotoka. Madoa ya njano hadi kahawia yenye utelezi ni bakteria wanaozaana pale maji yanapokaa juu ya kofia usiku. Mwagilia asubuhi, ili kofia ziwe zimekauka kabla ya saa 5. Tuta la ukubwa tuliotaja linataka ndoo moja na nusu hadi mbili za lita 10 kwa siku ya jua, sehemu kubwa ikienda kwenye mizizi ya mboga.

Ukungu wa rangi

Kijani inayoanza nyeupe kisha kugeuka kama nyasi ni Trichoderma. Sababu ni moja kati ya tatu: mabua hayakupashwa moto vya kutosha, yalikuwa na maji mengi, au mbegu ilikuwa kidogo na dhaifu. Doa dogo kuliko kiganja, lichimbe na sentimita 5 za pembeni, lifukie mbali. Likizidi robo ya tuta, acha kupigana nalo. Geuza mabua yawe mboji na uanze upya. Trichoderma haina ubaya kwa mboga zenyewe.

Chungwa ya waridi, yenye unga mwepesi, ni hatari zaidi kwa kasi yake. Usiipulizie maji wala kuitikisa. Ifunike kwa kitambaa kilicholowa, ibebe na mabua yake, ichome.

Upashaji moto unaofanya kazi: katakata mabua vipande vya sentimita 3 hadi 5, loweka usiku kucha, yazamishe kwenye pipa la lita 200 lenye maji ya nyuzi 70 hadi 80 kwa saa mbili. Kama huna kipimajoto, moto uwe wa kutoa viputo vidogo chini ya pipa bila maji kutokota. Mwaga maji, yatandaze juu ya turubai safi penye mwinuko yachuje na kupoa. Kisha kamua kiganja kwa nguvu zote: yakidondoka matone mawili matatu, yako sawa. Yakitiririka, subiri. Yasipodondoka kabisa, nyunyiza. Hatua hii ya kukamua inaamua zaidi kuliko moto, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Maeneo ya joto, au pale ambapo ukungu umekushinda mara mbili, usitandaze mabua moja kwa moja tutani. Otesha kwanza kwenye mifuko ya kilo 2 au 3 ndani, kwa wiki tatu hadi nne, mpaka yote iwe nyeupe. Vua nailoni, laza vitalu (mabonge meupe yaliyotoka mifukoni) kwenye mfereji wa kina cha sentimita 15 kati ya mistari ya mboga, funika kwa udongo wa sentimita 2 na mabua makavu juu. Gharama inaongezeka, lakini mamama anaingia shambani akiwa ameshashika chakula chake. Anza mifuko mwezi mmoja kabla ya masika ili ufukie mvua zinapoanza.

Wanaokula

Mchwa humaliza mabua ya tuta kavu ndani ya siku chache. Tuta lililo na unyevu wa kudumu huwavutia kidogo, lakini penye vichuguu karibu usitumie ardhi. Weka vitalu kwenye kichanja chenye miguu ndani ya makopo ya maji, mboga chini yake. Usitumie sumu ya mchwa. Uyoga hufyonza viuatilifu na metali nzito kutoka kwenye anachokula na kuviweka kwenye nyama yake. Kwa sababu hiyo hiyo, usitumie mabaki ya pamba yaliyopigwa dawa, mbao zilizopakwa dawa, wala majani ya kando ya barabara kuu, na usipande mamama pamoja na nyanya au viazi mviringo unavyopulizia mankozebu au kopa kila wiki. Dawa hizo ni za kuua kuvu, na mamama ni kuvu.

Konokono na koa hula vichomozo usiku. Wanajificha kwenye majani ya maboga, hivyo hapo ndipo pa kuwaokota kwa tochi saa 2 usiku. Vijinzi vyeusi vidogo hutaga kwenye mabua na funza wake hutoboa shina: tundika sahani za njano zilizopakwa grisi usawa wa tuta, na ondoa mabaki ya mashina baada ya kila mavuno. Kuku wanahitaji uzio, hakuna njia nyingine.

Kuhusu minyoo fundo ya mizizi: ni kweli kwamba mamama hukamata na kula nematodi, yaani minyoo midogo ya aina hiyo, liliandikwa kwenye jarida la Science mwaka 1984. Lakini minyoo iliyokwishaingia ndani ya fundo la mzizi hakuna utando utakaoifikia. Ukiwa na tatizo kubwa la fundo, badilisha zao.

Majani ya migomba yanatoka wapi

Mnyauko wa bakteria wa migomba ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, ukafika Kagera na kwingineko katika ukanda wa Maziwa Makuu. Unasafiri kwenye panga. Usikate majani kwa ajili ya uyoga kutoka shamba lenye migomba inayonyauka au matunda yanayoiva kabla ya wakati, na panga lipitishe kwenye moto kabla ya kuingia shamba jingine.

Umetoka uyoga usioufahamu

Mamama huota kwa vishada, shina likiwa pembeni ya kofia, mistari ya chini ya kofia ikiteremka hadi kwenye shina, bila pete shingoni na bila kifuko chini. Wowote unaotoka tutani bila sifa hizi zote, usiule na usimpe mtu. Mmoja unaopenda bustani zenye mboji katika nchi za joto ni Chlorophyllum molybdites: mkubwa, mweupe, una magamba ya kahawia na pete, na huleta matapishi makali na kuhara. Kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeupe usiku mmoja: vumbi lake ni la kijani, la mamama ni jeupe au zambarau hafifu ya kijivu. Karatasi hiyo inakusaidia kukataa uyoga, haitoshi kukupa ruhusa ya kuula, kwa kuwa uyoga wa kuua nao una vumbi jeupe. Ule mkubwa unaochomoza kwenye kichuguu baada ya mvua hutunzwa na mchwa wenyewe, na hauoteshwi tutani kwa mbegu.

Mavuno yamepungua baada ya mkupuo wa tatu

Hiyo si kasoro. Kilo 20 za mabaki makavu zikikupa kilo 10 za uyoga kwa mikupuo mitatu, yaani awamu tatu za kuchomoza, tuta limefanya kazi yake. Mabua sasa ni laini na ya kahawia. Yaache palepale kama matandazo ya mboga zilizopo, au yarundike wiki nne hadi nane kabla ya kuyaweka kwenye kitalu cha miche, kwa sababu masalia mabichi yana chumvi zinazounguza mizizi michanga. Migomba inayapokea bila kusubiri: karai mbili kwa shina, nusu mita kutoka kwenye mgomba mama.